Nilisema Uchungu Wenyewe Ni wa Mbu, Sasa Wanataka Kumtoa Mpwa Wangu Kwenye Utafiti

Bi Alawiya, shikamoo.

Wengi wanaokuandikia huanza kwa kuomba msaada, nami nawajua, maana ukurasa wako husomwa kwa sauti pale gereji kwangu kila Jumamosi kabla hatujashika spana, lakini mimi si mtu wa kuomba msaada, muulize yeyote hapa Magongo, Changamwe, ila usimuulize Tinga yuko wapi maana hilo jina langu la kuzaliwa hawalijui, wewe sema Chuma, utaletwa mpaka mlangoni. Mimi ni fundi wa rejeta. Trela zinazotoka bandarini zikichemka kabla ya kufika Mariakani zinarudi kwangu, na hilo jina la Chuma nilipewa siku niliyofungua kifuniko cha rejeta inayotokota kwa mkono mtupu, mvuke ukapanda mpaka ndege iliyokuwa inashuka pale Airport ikabidi izunguke tena, na mimi sikusema hata "aa". Watu walioona wapo. Mmoja yuko Voi.

Nakwambia haya ujue unaongea na nani, kisha nikueleze lililonifika, maana limenifika, na nakuomba mapema usije ukaniambia nipige magoti mbele ya mtu.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu Caroline, anaitwa Nyamvula, ana miaka ishirini na tatu, kazi yake ni kufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja kule Shanzu, na anakaa na mama yake Mtopanga, upande wa Kisauni. Sisi ni Waduruma, Bi Alawiya, na kwetu mtoto wa dada ni wako kuliko hata uliyemzaa, baba yake anaweza kusema mchana kutwa lakini neno la kufunga mazungumzo ni la mjomba, ndiyo maana mambo ya Nyamvula yote makubwa huja kwangu, la shule lilikuja kwangu, la kazi lilikuja kwangu, na hili nalo limekuja kwangu, ila hili limekuja kwa miguu yangu mwenyewe.

Huyu mtoto tangu avunje ungo ana tumbo la mwezi ambalo si la mchezo. Wanawake wa kwetu huliita chango. Tulimpa kila kitu, mizizi ya kuchemsha, tangawizi, leso kufungwa tumboni mpaka akawa anahema kwa shida, maombi ya kanisa zima, na mimi mwenyewe nilikwenda mpaka ndani ya Kinango kumtafutia gome la mti ambao ukiubandua vibaya unakufuata nyumbani, nikaubandua vizuri, akanywa, akatapika. Kila mtu akamwambia subiri, ukizaa litaisha. Yeye mwezi hata mwezi analala kwenye sakafu kwa sababu kitanda kinamuumiza, anauma leso, na kule kazini msimamizi wake akamwambia ana uvivu wa kalenda.

Mwaka huu akasikia kuna utafiti katika kliniki moja hapo Kisauni, wanatafuta ni tiba gani inafaa zaidi kwa maumivu ya hedhi, wengine wanapewa mkanda wa joto wa kuvaa tumboni, wengine vidonge vya kumeza mapema kabla uchungu haujashika, wengine vyote viwili, na jioni wanapigiwa simu kuulizwa wameshindaje. Nyamvula akaangukia kundi la mkanda. Mwezi wa kwanza akaenda kazini. Mwezi wa pili akaenda kazini, jioni akapitia Kongowea akanunua samaki, akapika wa kupaka, akaniita, nikala, nikamuuliza leo kuna sikukuu gani, akaniambia, "Hakuna, mjomba. Leo ni siku yangu ya pili." Nikautoa mwiba mdomoni, nikachukua kipande kingine.

Sasa hao watu wa utafiti wakaitisha mkutano wa akina baba, kaka na waume katika ukumbi wa kanisa, watueleze wanawafanyia nini watoto wetu. Nyamvula akanipigia simu, akasema, "Mjomba, njoo uone kwa macho yako, ili siku mtu akiuliza, useme umeona." Nikaenda, nimevaa shati langu la harusini. Kulikuwa na binti mmoja mtafiti anaitwa Salsabil, mdogo kwa umri, mchache wa maneno, akatoa kimashine kama simu ya zamani, kina nyaya mbili na vibandiko, akasema kinakaza misuli ya tumbo kwa umeme mdogo, hakidhuru, ukikizima kimeisha, ila kinampa mwanamume picha kidogo ya kile wanachokipata hawa. Kina namba, moja mpaka kumi. Akauliza nani ajaribu. Wanaume wote wakatazama viatu vyao.

Nikamwambia, "Mama, nianzishie kwenye kumi, nina trela inanisubiri."

"Mzee wangu, tuanze na moja."

"Moja mpe huyo mchungaji."

Ukumbi mzima ukacheka, na mchungaji naye akacheka, alikuwa ameketi ubavuni kwangu. Nikafungua shati, wakanibandika. Moja, nikapiga mwayo. Mbili, nikamuuliza kama amelipia umeme. Nikapanda hivyo hivyo, napanda nikiongea, mpaka kwenye nane, hapo nikaona basi nimewaonyesha vya kutosha, na kwa kumheshimu yule binti nikamwambia azime, tusimalizie betri ya serikali.

Tuseme sita. Ukumbi ulikuwa na giza kidogo.

Niliporudi Magongo watu wakanizunguka. Sasa wewe ungekuwa mimi ungefanya nini, Bi Alawiya, watu wameacha kazi, spana zimewekwa chini, jina langu limechorwa ukutani kwa rangi nyekundu, CHUMA REJETA, herufi ndefu kuliko mimi. Nikawaambia nimefika kumi. Nikawaambia kwenye kumi nimeomba soda, nikainywa mashine ikiwa bado inaenda, na uchungu wenyewe nikiulizwa nitasema ni kama wa mbu, tena mbu aliyelewa mnazi, hajui aume wapi. Walicheka mpaka dereva mmoja akakalia ndoo ya tindikali. Ilikuwa tupu, lakini alikalia.

Na huyo dereva, Bi Alawiya, ndiye Mzee Ngowa wa Likoni.

Mzee Ngowa huendesha trela, rejeta yake naijua kuliko anavyomjua mkewe, na ni baba mdogo wa kijana anayeitwa Lewa, na huyo Lewa ndiye anayemposa Nyamvula. Wiki iliyopita walivuka feri wakaja Mtopanga kwa mazungumzo. Wakaja na kadzama, ule mnazi wa wazee ambao usipowekwa mjomba hafungui mdomo, ila kwa kuwa baba yake Lewa ni mzee wa kanisa siku hizi kadzama inakuja kama kreti ya soda, nami sikulalamika, nikakaa mbele ya kreti yangu. Mambo yakaenda vizuri mpaka shangazi yake Lewa, mama mmoja anaitwa Milcah, akakohoa.

"Tunasikia binti anavaa mkanda wa moto," akasema.

"Wa joto," dada yangu Caroline akamrekebisha.

"Moto, joto, yai halijui tofauti. Mayai ya mwanamke yako hapo hapo tumboni. Akiyapasha kila mwezi, sisi tutaletewa mke au tutaletewa mayai ya kuchemsha?"

Upande wao wakacheka. Upande wetu pia kuna waliocheka, nimewaona. Ndipo Mzee Ngowa akasimama, akavuta suruali juu vile anavyofanya akitaka kupunguziwa bei, akasema, "Wakwe zetu, sisi binti hatumkatai. Tunataka atoke kwenye huo utafiti kwanza, kisha tulete mahunda, tumalize mahari. Na hatumuonei. Angekuwa mgonjwa tungesema ahangaikie dawa. Lakini uchungu wenyewe tumeambiwa ni wa mbu, na aliyetuambia si mpita njia, ni mjomba wake, huyu hapa, alipandishwa mpaka kumi akaagiza soda. Au nasema uongo, Chuma?"

Watu wote wakanigeukia. Na mlangoni, Bi Alawiya, amesimama Nyamvula na chupa ya chai mkononi, na yeye siku ile alikuwa ukumbini, alikuwa kiti cha nyuma yangu. Alinitazama vile mimi ninavyotazama rejeta iliyotoboka, najua tundu liko wapi, nangoja tu maji yaanze kutoka.

Nikasema, "Hili ni neno zito. Nipeni mpaka Jumapili ya pili." Wakakubali, maana neno la mjomba kwetu hungojwa, halirukwi. Nikafungua soda.

Walipoondoka nikamfuata Nyamvula nyuma ya nyumba, anaosha vikombe.

"Nyamvula."

"Abee, mjomba."

"Ungetoka tu kidogo. Ndoa ipite, kisha urudi."

"Ukitoka hurudi. Walitueleza siku ya kwanza."

"Utafiti utakuja mwingine."

Akakung'uta kikombe. "Mjomba, siku ile ukumbini, nani alimshika mchungaji mkono akamwita mama?"

Nikamwambia yule mchungaji ana sura ya marehemu mama yetu, watu wengi wameliona hilo.

"Na nani alibebwa mpaka kwenye tuktuk?"

"Sikubebwa. Niliegemea."

"Uliniegemea mimi," akasema. "Na mimi siku ile nilikuwa kwenye siku zangu, na mkanda kiunoni, na nikakubeba. Sikukuita uje uwe shujaa, mjomba, mashujaa tunao wengi pale Magongo. Nilikuita uje uone. Ukaona. Sasa mbu ametoka wapi?"

Akaendelea na vikombe vyake, hakupaza sauti, huyu mtoto hapazi sauti, akasema, "Sitoki. Lewa akinitaka ataniona na mkanda wangu. Wewe sema utakalosema Jumapili, ila usiseme kwa mdomo wangu."

Sasa ndio nimekwama. Dada yangu Caroline analia, anasema posa hii ikivunjika imevunjwa na mimi, nimwamuru mtoto atoke, neno langu Nyamvula hajawahi kulipita. Lewa amenipigia simu, kijana mzuri, akasema yeye hana neno na mkanda, hata akipenda avae miwili, lakini mbele ya Mzee Ngowa hawezi kufungua kinywa, kwao ndivyo walivyolelewa. Kwa hiyo amebaki nani? Nikimwamuru atoke, nimemrudisha kwenye ile sakafu, nami nimemuona pale sakafuni, Bi Alawiya, nilimuona tangu ana miaka kumi na mitatu na sikuwahi kujua ninachokiona. Nikisema abaki, Mzee Ngowa atauliza sababu, na sababu ni moja tu, nayo nikiitoa, Chuma amekufa. Ataivusha feri mpaka Likoni na kuirudisha mpaka Mariakani. Fundi aliyelia kwa kimashine cha betri, nani atampelekea trela?

Wala sikulia. Macho yalitoa maji, hicho ni kitu kingine.

Kwa hiyo nimepanga hivi, nawe unisaidie kwa kalamu yako tu. Wewe andika kwenye ukurasa wako, kama jambo lako mwenyewe, kwamba mkanda wa joto hauchemshi mayai, uandike kwa herufi kubwa, mimi Jumapili niende na gazeti niwasomee, Nyamvula abaki na utafiti wake, Lewa apate mke, na habari za namba tuziache zilivyo, maana hazimsaidii mtu. Nieleze kama mpango huu una kasoro. Mimi siuoni kasoro.

Na kama ni lazima ujue ile namba ndipo unishauri, ilikuwa nne. Lakini ilikuwa nne ya nguvu.

Jina langu usilifiche. Mimi simwogopi mtu.

Tinga, yaani Chuma, fundi rejeta, Magongo

*

Bi Alawiya anajibu:

Marahaba, bwana Chuma.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili sikucheka. Mpango wako una kasoro na nitakuonyesha ilipo, lakini kwanza nikueleze nilivyofanya, usije ukasema Bi Alawiya kakuzunguka.

Nilikupigia simu kukuuliza kama kweli nisilifiche jina lako. Ukanijibu, "Andika, simwogopi mtu," ukakata. Basi nimeandika. Kisha nikamtafuta mpwa wako, kwani katika barua yako ndefu yote hiyo kuna aliyekohoa, aliyesimama, aliyelia na aliyepiga simu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza binti anataka nini. Alikwambia mwenyewe, nyuma ya nyumba, akiosha vikombe vyenu. Nami nilipomuuliza alinijibu hivi: "Chapa, bibi. Majina yetu yabadilishe, na uandike kwamba sitoki." Nimeyabadilisha, yeye na jamaa zake na wakwe zake, isipokuwa lako. Na neno lake la kutotoka ndilo hilo, nimeliandika.

Haya, sasa njoo nikwambie kasoro. Wewe wataka niwe pazia, usimame nyuma yangu wakati mtoto wa dada yako anasimama wazi. Siwi pazia la mtu. Uliitwa uone, ukaona, kisha ukaenda ukauza ulichokiona kwa kicheko cha gerejini. Ngowa hakuzua kitu. Alilibeba neno lako kama lilivyotoka kinywani mwako, akalivusha maji, akaja kulitua mbele ya binti. Silaha ile ni yako, wewe umeifua. Usinambie habari za namba hazimsaidii mtu. Ile namba ya uongo yatosha kumrudisha sakafuni, basi ya kweli nayo yatosha kumwinua.

Na usirudie kunambia humwogopi mtu. Wewe rejeta huiogopi. Ngowa wamwogopa, na kicheko cha madereva unakiogopa zaidi. Si aibu kuogopa, wallahi, aibu ni kumlipisha mtoto.

Kuhusu mayai, kwa kuwa umeniomba herufi kubwa nami sipendi kelele, nitaandika kwa herufi za kawaida na Bi Milcah asome taratibu. Mkanda wa joto huwekwa juu ya ngozi, hulegeza misuli iliyokaza, na mwili una njia zake za kujipoza, joto lile haliwezi kuchemsha kitu kilicho ndani. Mama zetu waliweka chupa za maji ya moto tumboni tangu hatujazaliwa, wakatuzaa, nasi tumezaa, na sijasikia mtoto aliyetoka kachemka. Asiyeniamini mimi aende kliniki awaulize wenyewe, ni wajibu wao kumjibu na kumwonyesha kibali cha kufanya utafiti, na Bi Milcah ana miguu na sauti ya kutosha.

Kuhusu kuzaa, na hili nawaambia akina mama wote wanaosoma, mwacheni mtoto wa watu. Kuna ambao wakizaa uchungu hupungua, kuna ambao haupungui hata chembe, na mimba si kidonge cha kumpa msichana wa miaka kumi na mitatu angoje. Miaka kumi amelala sakafuni akingojea harusi imponye. Uchungu unaomlaza mtu chini kila mwezi ni wa kuchunguzwa na daktari, si wa kufungwa leso, maana mara nyingine kuna ugonjwa nyuma yake. Nyamvula, mwanangu, wewe umepata nafuu na mkanda, alhamdulillahi, lakini siku nafuu hiyo ikiondoka, au damu ikazidi, usingoje simu ya jioni, nenda.

Na mnashangaa nini wakiwa wanatafiti? Tuna mizizi, tuna magome, tuna kila bibi na kikombe chake, na hatujui kipi chasaidia na kipi chatapisha, kwa sababu hakuna aliyekaa akawauliza wanawake wenyewe mwezi baada ya mwezi. Sasa wametokea wa kuuliza. Yule binti akijibu simu yake ya jioni anamjibia na mtoto wako wewe Ngowa, na mjukuu wako wewe Milcah, ambaye hajavunja ungo bado. Mwamtoa mtu kazini akiwa anawajengea nyie nyumba.

Kitu kimoja hamkukijua pale kwenye kreti, wote, na wewe Chuma ukiwa wa kwanza. Utafiti ule haumsikilizi mjomba wala shangazi wala mkwe. Mwenye kuingia ni yeye na mwenye kutoka ni yeye, siku aipendayo, bila kuulizwa kwa nini. Neno la mjomba kwenu ni zito na mimi silidharau, desturi yenu nimeishi nayo jirani miaka yangu yote. Lakini neno zito si la kumfungia binti mlango. Ni la kuwafungia wengine midomo, na hapo ndipo ulitakiwa ulitumie, wewe ukalinywea soda.

Sasa shika haya. Jumapili ni kesho. Leo baada ya kufunga gereji vuka uende Mtopanga, mkalishe dada yako, mwambie uongo ulikuwa wako na si kosa la binti yake, ili akilia alie kwa jambo la kweli. Mpigie Lewa, mwambie kijana anayeoa lazima awe na kinywa, kama hawezi kusema mbele ya Ngowa basi aje akae upande wa Nyamvula, kukaa nako ni kusema. Muombe yule mtafiti aje na kimashine chake akipenda, kiwekwe mezani. Mzee Ngowa akitaka kusimulia habari za mbu abandikwe kwanza, tena aanze na moja kama wenziwe. Akikataa, amekujibu. Na wakibeba kreti yao warudi Likoni, wafungulieni mlango vizuri, feri haijajaa. Nyumba ambayo mwanamke ataumwa humo na kuambiwa ni mbu, bora ajulishwe mapema iko wapi.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya nisome barua yako mara ya pili. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba ukurasa huu husomwa kwa sauti gerejini kwako kila Jumamosi. Ukalijua hilo, ukaniandikia jina lako, ukaniandikia na ile nne, nilipokupigia ukanambia nichape. Mtu anayetaka kuficha hafanyi hivyo, bwana Chuma. Naamini mkono wako ulishaamua, kinywa ndicho kilichobaki nyuma. Leo ni Jumamosi. Kama wasomaji wako wana pumzi ya kufika hapa, basi nne imeshasikika Magongo nzima, na wewe umesimama hapo na spana yako, na ukitazama ukutani, jina lingali limeandikwa. Hakuna aliyelifuta. Trela zitachemka Jumatatu kama kawaida, na rejeta haziulizi fundi amelia lini.

Basi kesho usianze na ndege wala na mtu wa Voi. Kreti isiguswe kwanza. Simama, na useme, "Ilikuwa nne, nikalia, nikamwita mchungaji mama. Mpwa wangu hupata zaidi ya hiyo kila mwezi, na siku ile alinibeba. La kutoka au kubaki muulizeni yeye, hilo ndilo neno langu."

Kisha keti, na usiongeze hata namba moja.